Moraa, Sanduku Lako Tumelifungua

Moraa,

Ni Sabato mchana na nyumba imenyamaza. Wazazi wamerudi kanisani kwa kipindi cha alasiri. Mimi wameniacha nipumzike kwa sababu ya safari. Jua likishatua, basi la kwaya litatuchukua pale sokoni Magwagwa tuelekee Nairobi, na kesho tupande ndege. Afrika Kusini, Moraa. Ile safari uliyoizungumzia mpaka watu wakakuchoka. Tunaenda bila wewe, na mimi naenda na sanduku lako.

Wacha nikuambie lilivyonifikia, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi unanijua. Maneno yangu mengi yalikuwa yanapitia kwako. Dukani wewe ndiye ulikuwa unaniulizia bei. Mwalimu akiniuliza kitu, unajibu wewe, "Kerubo anasema ndiyo," kabla hata mimi sijajua ninasema nini. Tangu tukulaze pale nyuma ya jiko la kwenu, kando ya migomba, nimegundua ninaweza kumaliza wiki nzima bila kusema kitu zaidi ya salamu. Nyumbani wanadhani ni huzuni. Huzuni ipo. Lakini pia nilikuwa nimezoea kuongea na mtu mmoja tu, na huyo mtu hayuko.

Mwalimu Nyabuto wa kwaya amenipa ule ubeti wako wa kuanzisha. Sikukubali na sikukataa. Nilinyamaza, naye akachukulia kwamba nimekubali. Hivyo ndivyo mambo yangu yanavyoamuliwa siku hizi.

Jumatano mama yako alimtuma mtoto wa jirani aje kuniita. Amepungua, Moraa. Hata kanga akiifunga inamzunguka mara nyingi. Sijui kama unajua kwamba baada ya mazishi shangazi zako walikuja kugawana nguo zako kama ilivyo desturi, huyu sketi, yule viatu. Mama yako alitoa zote, hata ile gauni ya bluu ya kanisa. Sanduku ndilo alilolikalia. Alilikalia kweli, aliketi juu yake na mikono magotini mpaka shangazi wakaaga wakaenda.

Nilikuwa nimesahau kwamba limejaa. Ulilipanga siku ile ile majina yetu ya safari yaliposomwa, na bado ilikuwa miezi mingi. Tulikucheka sana. Kaka yangu alisema, "Huyu tutasikia ameenda kulala kiwanja cha ndege, asiachwe." Ukamwambia atanyamaza siku utakapomletea soksi za Johannesburg. Kisha ukaja ule ugonjwa wa siku chache, na sanduku likabaki chini ya kitanda limefungwa zipu.

Mama yako alilivuta akaniwekea miguuni. Akasema, "Kerubo, wewe huna sanduku. Nenda na hili. Lakini usilifungue, mwanangu. Alipanga kwa mkono wake. Wacha vitu vyake vifike."

Nikasema, "Eeh, Mama."

Kila mtu ameruhusiwa sanduku moja, Moraa. Moja tu. Nilirudi nyumbani na lako, nikaliweka kando ya kitanda, na nguo zangu nikazitia kwenye mfuko wa sukari, nikawa naangalia hivi viwili. Nikafikiria nivae sketi zote mbili kwa pamoja, nibebe mswaki mfukoni. Nilitaka kumtii mama yako. Lakini nitakuambia kitu ambacho hata kwenye maombi sijakitamka: nilikukasirikia. Nilikuwa nimefungasha safari ya mtu mwingine. Niliona hata sasa, ulipolala, bado unanijibia.

Alhamisi Mwalimu akatuambia tulete mizigo yote ipimwe, ndiyo tusiaibike mbele ya watu wa ndege. Unajua tulipimia wapi? Kwenye kituo cha majani chai. Wakulima walikuwa wameshaleta yao asubuhi, mizani ikawa huru, na karani akakubali tuning'inize masanduku pale pale wanapotundika magunia. Ungefurahi sana. Kumbe Mwalimu alikuwa amesema kila mmoja abebe zawadi ya kwetu kwa wenyeji wetu, na kila mzazi akawaza kitu kimoja: vinyago vya yale mawe laini ya kule Tabaka. Viboko vya mawe, sahani za mawe, tembo, vinara vya mawe vya mishumaa. Hakuna mama aliyemuuliza mwenzake. Kila sanduku lililotundikwa lilikuwa linalia kama mlango wa zizi.

Karani akasema, "Mwalimu, hii chai yenu imelowa sana." Halafu kwa mazoea akataka kutoa ile kilo wanayokatia uzito wa gunia. Mwalimu akamwambia, "Usinitolee chochote. Rubani hana huruma yako." Kisha akatugeukia: "Nyinyi mnaenda kuimba ama mnahamisha Tabaka?" Watu wakacheka, wakafungua masanduku yao pale kwenye nyasi, mawe yakaanza kutoka. Kwa muda mfupi mahali pale pakawa kama soko.

Nikatundika lako. Mshale ukapita kipimo cha ndege. Mwalimu akasema, "Kerubo, fungua tutoe hayo mawe."

Kuna waliolitambua, kwa ule utepe mwekundu uliofunga kwenye mpini. Kicheko kikaisha. Wote wakawa wananiangalia, na mimi nikageuka kukutafuta. Kweli nilifanya hivyo. Niligeuka upande wa kushoto, pale unaposimamaga, nikaona nguzo ya kibanda.

Nikasema, "Hapana, Mwalimu."

Akauliza, "Nani amesema hapana?" Alikuwa anamwangalia Nyaboke aliyesimama karibu yangu, maskini. Hakudhani sauti hiyo inaweza kutoka kwangu. Nikasema ni mimi, na kwamba sanduku hili haliwezi kufunguliwa hapa, lina mwenyewe. Akatazama utepe, akajikuna kidevu, akaniambia polepole, "Sawa. Lakini keshokutwa jua likitua na bado ni zito, utabaki, mama. Mimi sina la kufanya."

Jana Ijumaa nikalibeba kichwani mpaka kwenu. Yale magurudumu ni ya lami, kwenye tope letu hayana maana. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno, na kila nikikutana na mtu yanatoroka. Nilimkuta mama yako jikoni anachambua chinsaga, anawahi kupika mboga ya Sabato kabla jua halijatua. Alipoona sanduku mikono yake ikasimama. "Mbona umelirudisha?"

Maneno niliyojifunza yote yalipotea. Nikasema yaliyokuja. Nikasema, "Mama, ni zito, wanasema nitaachwa. Na sina pa kuweka nguo zangu. Nikienda nalo hivi, ni kama ameenda yeye na mimi nimebaki. Na yeye haendi, Mama. Nimemtafuta jana, hayuko."

Moraa, nilidhani nimekuua mara ya pili mbele ya mama yako. Aliendelea kuchambua majani mawili, matatu. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo unakuja hapa, leo ndiyo nimesikia sauti yako." Akajifuta mikono. "Lilete. Tulifungue kabla jua halijaenda."

Zipu aliivuta yeye.

Sasa nikuulize. Chumvi ya nini? Ulidhani Afrika Kusini yote wanakula bila chumvi? Na unga wa wimbi, begi zima, kwa sababu hukuuamini uji wa watu. Ulikuwa umeingia wadudu, wametembea mpaka kwenye soksi. Mama yako alipowaona alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Huyu mtoto alikuwa anahama," na akiwa bado anacheka ikageuka, akainamia ukingo wa sanduku. Nilimshika mgongo.

Vinyago vilikuwa chini, umevifunga vizuri kwa majani makavu ya mgomba kama anavyofunga mjomba wako kule Tabaka. Sweta ilikuwa katikati. Niliiinua nikainusa, nikitafuta harufu yako. Ilinuka unga. Mama yako akaichukua akainusa naye, akanitazama, tukajua sote tulikuwa tunatafuta nini na hatukukipata.

Unga tuliwamwagia kuku. Mawe yamepangwa dirishani, isipokuwa kiboko mdogo ambaye ninaenda naye kama zawadi. Blauzi zako mama alizitumbukiza kwenye beseni la maji. Tulipangusa sanduku ndani kwa kitambaa, na sketi zangu alizikunja yeye mwenyewe, kwa ule mkunjo wa kwenu wa kuviringisha. Sweta akanivalisha pale pale. Nikamwambia, "Lakini ni ya Moraa." Akasema, "Vaa. Baridi haiulizi nguo ni ya nani."

Jua lilikuwa limeshagusa kilima tulipofunga. Alinisindikiza mpaka langoni. Akasema, "Ukirudi, pitia hapa kabla ya kufika kwenu. Unieleze yote, chakula chao, nyumba zao, ndege inavyopaa. Na usije ukaninyamazia, Kerubo. Hii nyumba imenyamaza ya kutosha."

Jua linashuka, basi litakuja muda si mrefu. Ubeti nitauanzisha, lakini kwa sauti ya chini kuliko yako, kule juu siwezi kufika. Nilimwomba Mwalimu tuushushe, na amekubali. Nilimwomba mwenyewe leo asubuhi, mbele ya kwaya nzima.

Bado naogopa. Sijui nitakaa na nani kwenye ndege, sijui nitaulizaje choo kiko wapi. Upande wangu wa kushoto ni mtupu na najua utakuwa mtupu hata huko. Sina la kukuficha.

Tigara buya, Moraa. Baki salama hapo ulipo, majani ya migomba yakikufunika. Nakuahidi hili moja: siku nitakayorudi, kabla sijavua viatu vya safari, nitaingia jikoni kwa mama yako, nitavuta kile kigoda, na nitaongea mpaka yeye mwenyewe aniambie nipumzike.

Kerubo wako