Jeni Uliyoipa Jina Lako

Kabula mwanangu,

Leo nimekaa ofisini hapa Shinyanga, kompyuta mbele yangu, na kile kiti chako cha plastiki bado kipo pembeni. Nimewakataza wenzangu wasikitoe. Wakiona nimechanganyikiwa, shauri yao.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa hapo ukihema, midomo ya bluu, na maswali hayaishi? Nilikueleza kwamba moyo wako uliumbika vibaya tumboni mwangu, na madaktari hawakujua ni jeni gani iliyokosea. Ndiyo maana nilikuwa napekua kanzidata za watafiti wa huko nje, nikitafuta jeni zinazofanya kazi moyo unapoumbwa, ambazo hakuna aliyewahi kuzichunguza. Zina namba tu. "Kazi yake haijulikani," nikakusomea.

"Kumbe hazina kazi kama mjomba!"

Jamani, nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Ukaanza kuzipa majina. Moja Bajaji. Moja Ng'ombe wa Babu. Ya mwisho kwenye orodha ukasema, "Hii ni Kabula. Usiiguse mpaka zote ziishe." Nikaandika yote, mtu mzima mimi.

Ukaniuliza kama nachekecha kama babu yako alivyochekecha mchanga wa almasi kule Maganzo. Nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Babu alikuwa na afadhali, almasi angeiona angeijua.

Mwaka wa pili huu tangu tukuzike. Nimelinganisha ile orodha, jeni moja moja, na damu yako iliyopimwa ungali hai. Bajaji, nzima. Ng'ombe wa Babu, mzima. Na sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Moyo wa mdogo wako umeshaumbika, vizuri au vibaya, sijui. Siku ile ya majina, ulipokuwa ukitamani kupata mdogo, ulinishika kidevu, ukaniita mama kwa Kisukuma kama bibi alivyokufundisha: "Mayu, ipate hiyo jeni iliyokosea kabla mdogo wangu hajaja." Nikakuapia. Kesho wanampima moyo, na naogopa, Kabula, naogopa sana.

Asubuhi hii ilikuwa imebaki yako tu. Nimeifungua. Nimeisoma herufi kwa herufi, nikarudia tena, nikiomba iwe na kosa. Mama gani anaomba hivyo?

Haina kosa. Jeni uliyoipa jina lako ni nzima kabisa, na orodha imeisha. Kesho nampeleka mdogo wako kupimwa nikiwa mikono mitupu, bila jeni ya kuwaonyesha madaktari.

Mayu wako, aliyekuapia.