Kile Chungu Kina Mwenyewe

Dada yangu Tusekile,

Ugonile? Nakusikia ukijibu "ndaga" huku umekunja uso, maana tangu unitumie ule ujumbe wa sauti wa kunigombeza sijakujibu. Goti lako linaendeleaje? Shemeji ameshamaliza kuuziba ule mtumbwi, au bado anasubiri mbao zijizibe zenyewe? Mimi ni mzima wa mwili. Huku Ujerumani theluji imeanza kuyeyuka na kila mahali ni matope, tena matope ya bure, hayafai kufinyangia hata kifuniko.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nitalia, na wewe ukisikia mtu analia unakata. Mchungaji wa Mwaya aliyekuja mkutanoni anarudi wiki hii, barua ataibeba yeye. Isome ukiwa umekaa. Na tafadhali usimsomee mama.

Najua umekasirika. Uliniambia njoo, njoo sasa, mama anatusahau mmoja mmoja, na mimi nikakujibu "bado kidogo." Halafu ile siku ukampa simu. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akanijibu kwa sauti nzuri kabisa: "Karibu, karibu. Wewe ni wa Makwale? Mpunga wenu mwaka huu vipi?" Nikamwambia ni mimi, Subilaga. Akasema, "Ndaga fijo kwa kupiga. Mkija njooni mapema, vyungu vinaisha."

Loo, dada! Mama kunishukuru mimi! Mama ambaye alikuwa ananiita kichwa cha kambare mbele ya wageni! Ningempa chochote anitukane hata kidogo. Upole ule ni wa wateja, wale wanaolipa chungu kwa mpunga wa kukijaza, naujua, nimekaa pembeni yake sokoni Matema utoto wangu wote nikiusikia. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikalia hadi mlinzi akaniletea chai.

Sasa nikueleze hiyo "bado kidogo" ilikuwa ya nini, maana hujawahi kuuliza vizuri, umezoea kunicheka tu. Kazi yangu ni vichocheo. Kuna vitu viwili havitaki kuungana hata ukivichemsha namna gani. Ukitia chembe ya madini fulani, yanavishika vyote viwili, yanavikutanisha, vinaungana, halafu yenyewe yanajitoa yakatafute wengine. Ni mshenga. Dawa nyingi za hospitali hupatikana kwa njia hiyo. Shida ni kwamba mshenga anayeijua kazi ni paladi, madini adimu ya bei kubwa mno. Sisi tukasema tutaifundisha kazi hiyo chuma, chuma hiki hiki cha kawaida, ili hata nchi kama yetu iweze kujitengenezea dawa.

Na chuma chenyewe kimo kwenye udongo wa mama, ndicho kinachoufanya uwe mwekundu ukichomwa. Nilipomwambia hivyo alifurahi kupita kiasi. Unakumbuka alivyokuwa anawatangazia wateja, "Mwanangu yuko Ulaya anapika udongo wangu"? Wewe ukawa unaniuliza kila Krismasi, "Hicho chuma chako kitaozesha lini?" Nikawa nakuambia kinakaribia. Na kweli kilikaribia, dada. Kilifanya kazi. Tuliandika, tukasifiwa, nikaitwa kuzungumza kwenye kumbi kubwa. Chuo kimoja huko nyumbani kiliniita nikafundishe, nikawajibu nisubirini kwanza nikimalize hiki chuma. Wakasubiri, wakachoka, wakamchukua mwingine. Sikuona neno. Nilidhani naleta kitu kikubwa kuliko mimi mwenyewe kuja.

Basi sikiliza. Kuna unga mweupe tunaouchanganya humo, tunaununua kwenye chupa. Chupa ya zamani ikaisha, tukafungua mpya kutoka kwa muuzaji mwingine. Mchanganyiko ukagoma. Nikapima upya, nikakausha vyombo vyote, nikafanya kila kitu ndani ya lile sanduku la kioo lisiloingia hewa, mikono kwenye glavu ndefu mpaka mabega yanauma. Wapi! Mwenzangu wa meza ya jirani, mama mmoja Mpolandi asiye na maneno mengi, akakung'uta mabaki ya ile chupa ya zamani akasema, "Tujaribu bila chuma kabisa." Nilimcheka. Mwanzoni kabisa tulishajaribu bila chuma na hakikutokea kitu. Tukaweka kila kitu isipokuwa chuma, tukaenda kula.

Tuliporudi vitu vilikuwa vimeungana. Vizuri, dada, kama siku zote.

Ilikuwa paladi. Unga wa zile chupa tulizozitumia miaka yote ulikuwa na uchafu wa paladi, kidogo sana hata huwezi kuuona, na uchafu huo ndio uliokuwa mshenga. Lile jaribio letu la mwanzo tulilifanya kwa unga mwingine, uliokuwa safi, ndiyo maana tulidanganyika. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Chuma kilikaa tu pale kikipokea sifa, kama yule baba mdogo anayefika harusini wali umeshaiva na anakuwa wa kwanza kunawa.

Tumewaandikia wenzetu wa nchi zote kwamba tulikosea. Hilo halikuniuma sana, ndivyo kazi yetu ilivyo. Kinachoniuma ni kwamba kila nilipokataa kuja, nilikataa kwa ajili ya chuma. Nilipokosa kuja kukuuguza ulipovunjika goti, chuma. Mama alipoanza kuita watu majina ya marehemu ukaniambia njoo, chuma. Majuto ni mjukuu, nilikuwa najua kuusema tu huo msemo, sasa mjukuu amenikalia mapajani. Nimebadilisha akili ya mama, ile iliyokuwa inanijua, na kitu ambacho hakikuwepo.

Basi nakuja. Sina kazi ya kuwahi wala cha kungoja tena huku. Nitafika mpunga ukianza kuvunwa. Usimwambie mama habari za chuma. Kama bado kuna siku anakumbuka kwamba mwanawe anapika udongo wake, mwache nacho hicho.

Sasa nina ombi moja. Uliniambia kile chungu kikubwa alichonifinyangia nilipoondoka bado kipo pale juu ya dari la jiko, na kwamba hajakubali kukiuza hata siku moja. Uliniambia ukimuuliza anasema, "Kina mwenyewe." Ukimuuliza mwenyewe ni nani, hajui, anasema tu atakuja. Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko ile sehemu ya kunigombeza.

Nitapitia Makwale kwa shangazi nichukue gunia la mpunga. Nikifika, usinitaje jina. Mwache kwanza anitazame mwenyewe. Asiponijua, mwambie mteja wa Makwale amefika. Nitakaa chini mbele yake kama wateja wote, nitamwomba anishushie kile cha darini, na nitamwambia nitakijaza mpunga mpaka mdomoni kama bei ya zamani, tena nitaongeza wa kumwagika.

Nisalimie shemeji, fundi wa mitumbwi. Msalimie mwanao Neema, mwambie mama yake mdogo anamletea vitabu. Msalimie bibi jirani anayechimba udongo na mama, na mjomba mpiga kengele wa kanisa, mwambie nikifika aipige kwa adabu asitushtue. Mama mshike mkono tu kwa niaba yangu, usimwambie ni wa nani.

Akikubali kuniuzia, dada, nitalipa, nitasema ndaga, nitakibeba chungu changu nikae nacho nje mpaka utakaponifuata. Lakini niombee. Omba akitazame kile chungu, anitazame na mimi, anikatalie: "Kina mwenyewe."

Mdogo wako,
Subilaga