Upele wa Laini ya Juu

Mogogosiek, 4 Mei 2024

Mwanangu Phelix,

Habari za Sigor? Wagonjwa wa hapo dispensari bado wanakuamini? Mimi ni mzima kabisa. Laini yote hii ya nyumba za kampuni ya chai, mtu asiyejikuna ni mimi peke yangu. Sawa, nimejikuna mara mbili nikiandika hayo. Kalamu imesaidia.

Ningekupigia, lakini simu ni ya mke wako Beldina na hanipi nikaongelee nje. Mwanao Maxine ana vipele katikati ya vidole na kiunoni. Anajikuna mpaka damu. Darasani wenzake wamemsukuma dawati la mwisho, anakaa peke yake, na tangu Jumatatu amekataa shule. Beldina alimpaka dawa ya choa, bure. Mimi nikawaza ng'ombe wa Kipkorir jirani, wakipigwa dawa ya kupe hutulia. Nikaijaribu mguuni mwangu kwanza. Umewaka kama jiko la kiwanda. Mtoto sikumgusa. Nifanye nini?

Baba yako,
Ogada

Sigor, 7 Mei

Baba,

Nafurahi u mzima, ukiacha mguu. Uoshe kwa sabuni na maji mengi, na dawa ya kupe uwaachie ng'ombe. Hiyo huingia mwilini kupitia ngozi.

Choa ni duara, kama alama ya kikombe mezani. Huo wa Maxine ni upele, kuna mdudu anachimba ndani ya ngozi. Gordon, dereva wa lori la maziwa, atakuletea dawa ya kutosha laini nzima. Mpake usiku, kuanzia shingo hadi nyayo, hata kitovuni na chini ya kucha, mkaoge asubuhi. Rudieni baada ya siku saba. Chemsheni nguo na blanketi, mwanike juani. Mjipake laini nzima siku moja, hata asiyewashwa. Vidonda vikitoa usaha, apelekwe kliniki.

Hapa tumebaki wawili kazini, siwezi kutoka.

Mwanao,
Phelix

Mogogosiek, 2 Juni

Mwanangu,

Salamu zako nilizipata, na harufu ya dawa yako pia. Blanketi tulichemsha kwenye sufuria ya mahindi. Nilipita mlango kwa mlango nikiwahubiria watu kama askofu. Rodah wa nyumba ya mwisho alisema nyumba yake haina wadudu, nikakaa mlangoni pake hadi akaleta watoto wake wanne. Maxine akapona, akarudi dawati la mbele.

Jana vipele vipya vimetokea. Dawa yako ni maji ya mto.

Baba yako

Sigor, 5 Juni

Baba,

Shikamoo. Kuwashwa kunaweza kubaki wiki kadhaa hata mdudu akiwa amekufa. Lakini vipele vipya maana yake kuna mtu hakupakwa vizuri. Beldina ameniambia Maxine husoma akikuegemea, na kwamba wewe husugua mgongo kwenye nguzo ya mlango. Sikuulizi kwa hasira. Ni wewe?

Mwanao

Mogogosiek, 9 Juni

Phelix,

Pole na kazi. Ni mimi.

Mikono, miguu, tumbo, nilipaka zote mara mbili. Mgongo ndio mkono haufiki. Nilijaribu na mwiko, nikapaka ukuta. Mama yako angekuwepo nisingekuandikia. Beldina naye ni mke wa mwanangu. Nimvulie shati anisugue mgongo, halafu kesho anipe chai tukitazamana wapi? Angerudi kwao. Na majirani nimewahubiria, nitawaambia nini?

Jana Maxine aliniuliza, “Babu, nitarudi kukaa peke yangu?” Nikamwambia hapana. Sasa lazima iwe hapana. Sitaki aniegemee tena mpaka hii kitu iniishe. Anasomea ng'ambo ya meza, amenuna. Rodah nimemwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali laini nzima ipake tena Jumamosi.

Ulipougua tetekuwanga ukiwa darasa la pili, nilikupaka mgongo siku kumi na moja, na ulinitemea uji. Sijawahi kukudai. Naomba jioni moja tu. Njoo Jumamosi unipake mgongo.

Baba yako