Msasa wa Bei ya Mbuzi

Mhunze, Kishapu
4 Machi 2024

Kwako mume wangu Donatus,

Salamu nakupa. Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo limegoma, na yule mbuzi mweupe amezaa. Baada ya salamu, usiutafute ule msasa wako. Ninao mimi.

Ulipokuwa unaoga nilifungua begi lako. Dada yako Limi aliniambia umenunua pakiti nzima kwa bei ya mbuzi. Mbuzi, Donatus! Kitu cha kusugulia ubao! Babu yako alikuwa seremala kabla baba yako hajazaliwa, na vigoda vya watu wazima alivilainisha kwa majani ya msasa, mti ule ule ulio nyuma ya choo, Mungu anauotesha bure. Unafikiri hizo karatasi za dukani jina walilitoa wapi? Wameuibia mti.

Nimekuwekea majani begini, ya kutosha. Pakiti nimeitumbukiza kwenye kihenge cha mtama, itakaa humo mpaka upate akili. Usinipigie simu. Kwenye simu mtu ukimwambia ukweli anakata. Andika, Mwasiti wa mitumba ataleta siku ya mnada.

Mimi mke wako mkubwa,
Bibi


Segese
13 Machi 2024

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Mwangaluka. Hilo goti likande kwa maji ya moto, usilitukane tu. Mimi mzima wa mwili ila nina aibu. Nilifungua begi mbele ya mafundi wenzangu, yakamwagika majani. Chacha akauliza, "Fundi, leo umetuletea mboga?" Sasa karakana nzima wananiita Mlenda.

Bibi, nisikilize. Babu alikuwa na kigoda kimoja na wiki nzima. Mimi nina vitanda sita vya mninga vya Nassibu, mwenye nyumba ya wageni kule Kagongwa, na anavitaka kabla ya Pasaka. Msasa wa rahisi ni karatasi. Ukisugua mara tatu mchanga wake unapukutika, na zile chembe zinazodondoka zinachora ubao. Huoni kitu mpaka upake vanishi, ndipo mikwaruzo inatokea kama paka alipita na kucha. Ule wangu mgongo wake ni kitambaa. Unga wa mbao ukiuziba, unaukung'uta, unang'ata tena. Kipande kimoja kinamaliza kazi ya vipande kumi vya karatasi. Huo unaonunua kila siku ndio ghali, Bibi.

Pesa ya kununua pakiti nyingine sina. Tafadhali mpe Mwasiti.

Mume wako,
Donatus


Mhunze
20 Machi 2024

Mume wangu,

Marahaba. Goti nimelikanda, halina shukrani.

Kipande kimoja kazi ya kumi! Huyo mwenye duka alikutazama usoni akaona wewe ni mtoto wa baba yako. Baba yako naye alikuja hapa na mashine ya kutafutia dhahabu, akasema, "Mama, ni ghali lakini inadumu." Inadumu kweli. Ipo uvunguni mwangu mpaka leo. Yeye shimo la Geita lilimmeza na hata mwili sikuuona. Basi usinieleze mimi habari ya vitu vinavyodumu.

Ulinipa neno lako ukiwa na miaka kumi na minne: mbao tu, shimo hapana. Nilikupa randa ya babu yako kwa neno hilo. Fundi ni mkono, si msasa. Pakiti sikupi. Tumia majani, na wakikucheka waambie bibi yako aliolewa na seremala ambaye hakuwahi kurudishiwa kiti.

Mke wako mkubwa,
Bibi


Segese
17 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu u mzima.

Majani kwenye mninga yalinichelewesha, nikanunua karatasi za rahisi. Nassibu alikuja na tochi ya simu, akamulika kitanda cha kwanza, akamulika cha pili, hakufika cha tatu. Amevikataa vyote. Mwenye karakana anataka nilipe mbao zake.

Nimeingia duarani na Chacha. Ni shimo la wachimbaji wadogo, nje kidogo ya Segese. Miezi miwili tu, nimalize deni la hizo mbao. Neno nililokupa nalikumbuka. Usinijibu kwa hasira.

Mjukuu wako,
Donatus


Mhunze
12 Mei 2024

Mume wangu,

Hujambo? Mbona umeandika "mjukuu"? Nimekuacha lini?

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Kuomba radhi sijui. Elimu ya watu wazima walinifundisha a, e, i, o, u, hilo hawakufika. Kwa hiyo nakueleza nilichofanya, utajaza mwenyewe.

Nilitoa kipande kimoja kihengeni. Nikasugua sufuria lililoungulia ugali tangu Limi ana mimba. Likang'aa. Nikasema ni bahati. Nikasugua mpini wa jembe. Nikasugua visigino vyangu, vikatoka damu kidogo lakini sasa havikamati tena shuka. Mwisho nikachukua kigoda cha babu yako chenye masizi ya miaka yote hiyo. Kipande kile kile, Donatus. Nilikipiga gotini, unga ukatoka, kikang'ata tena.

Basi ulisema kweli. Sirudii.

Mwasiti amebeba pakiti, vimo vyote isipokuwa hicho kimoja. Vile vitanda visugue upya, Nassibu aje tena na tochi yake. Na mbuzi mweupe nimemuuza, hela anayo Mwasiti, mpe mwenye mbao. Toka humo shimoni siku hiyo hiyo utakayosoma. Usimalize wiki.

Mke wako mkubwa,
Bibi


Mhunze
17 Mei 2024

Donatus,

Leo sikuulizi hali.

Mwasiti amerudi na pakiti, na barua yangu haijafunguliwa. Alifika Segese Jumanne. Shimo lilititia Jumatatu. Chacha alitolewa na mkono umevunjika, wewe walikufikia siku ya tatu. Angalau wewe nimekuona. Umekaa kama umechoka tu.

Mafundi wenzako wamekuletea jeneza. Wamelitengeneza kwa mbao za vitanda vya Nassibu, na ile mikwaruzo niliiona hata bila tochi. Nikasema mume wangu halali humo. Wazee wakasema mwanamke hashiki jeneza. Nikawauliza, mwenye mume ni nani hapa? Wakanipisha.

Pakiti sikuigusa. Nilichukua kile kipande changu, kile cha sufuria na visigino. Nilianza jua likiwa juu. Limi akasema, "Bibi, pumzika." Nikamwambia aninyooshee mgongo aondoke. Nilifuata ubao kwa urefu wake, kama babu yako alivyokuwa akifuata. Nikikung'uta, nikisugua. Chacha akapaka vanishi kwa mkono wake mmoja, analia, nikamwambia asilie juu ya vanishi, itaweka madoa. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nassibu aje amulike.

Wanaita. Barua hii na ile ambayo hukuisoma naziweka chini ya mkono wako, pamoja na pakiti. Kipande nimebaki nacho mimi. Nimekijaribu sasa hivi kwenye kidole.

Bado kinang'ata.

Mimi mke wako mkubwa, mjane mara ya pili,
Bibi