Karatasi ya Fundi Cherehani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule mdogo ameacha kukohoa? Sisi huku tungali tunapumua, na kwa siku hizi za korona hilo si jambo dogo. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua, ila mdomo haujaugua hata siku moja.

Uliniuliza kwenye simu ya video mbona nimekonda, nikasema ni kazi. Nilikudanganya, dada. Kilichonila ni kijicho.

Unajua nina miaka kumi na tisa kwenye maabara ya hospitali hii. Mwaka huu wakatuletea binti aliyetoka chuoni juzijuzi, tunamwita Miwani kwa kuwa miwani yake ni mikubwa kuliko uso. Kila mgonjwa wa korona akilazwa, yeye alikuwa akiandika daftarini vipimo vyake vya ini vya siku ya kwanza, kisha akienda wodini kuulizia mwisho wake. Nilimcheka. Nilimwambia korona ni ya mapafu, ini tuwaachie walevi.

Baada ya miezi minne akampelekea daktari mkuu lile daftari. Walioingia vipimo vya ini vikiwa juu, wengi ndio waliozidiwa, na baadhi hawakutoka. Daktari akasema hata kwingine wameona hivyo. Si kila mmoja, lakini ni kengele ya hatari. Akaagiza kipimo kikiwa juu sana tupige simu wodini papo hapo, tusingoje karatasi.

Dada, damu zile nyingi nilizipima mimi! Majibu yalipita mikononi mwangu na sikuona kitu. Sasa ikawa Miwani kasema hivi, muulizeni Miwani. Hata mama wa usafi akawa anamwekea yeye chai kwanza. Nikawa narudi nyumbani siongei, mpaka mke wangu akauliza kama nina mwanamke mwingine. Nilicheka, maana kweli alikuwepo mwanamke aliyeninyima usingizi, ila si kwa namna ile.

Basi Jumanne moja nilikuwa zamu ya asubuhi, yeye ya mchana. Ikaja damu ya fundi cherehani aliyelazwa jana yake. Alikuwa anakula, anaongea, anawatania wauguzi kwamba sare zao zimeshonwa na mtu aliyefumba macho. Saa nne na nusu mashine ikatoa kipimo cha ini mara saba ya kawaida. Nikashika simu. Kisha nikawaza: nikipiga, na fundi akizidiwa, watasema Miwani kapatia tena. Nikaiweka simu chini. Karatasi nikaichomeka katikati ya rundo la majibu ya kawaida, yale yanayopelekwa wodini kesho yake.

Miwani alipoingia saa tisa alipekua rundo, akaiona, akapiga simu wodini papo hapo. Daktari alipofika kitandani alikuta pumzi ya fundi imeanza kukata, wakamkimbiza chumba cha uangalizi maalumu. Mimi nilikuwa navua koti la kazi. Miwani akanijia na karatasi mkononi.

“Kaka, hii imetoka tangu saa nne na nusu. Ulikuwa umechoka?”

“Nimechoka,” nikamjibu.

Fundi alikaa siku kumi na mbili kwenye oksijeni. Sasa nisikilize vizuri, maana hili hata mke wangu hajui. Siku niliposikia anapona, furaha yangu ya kwanza haikuwa kwa ajili yake. Nilifurahi kwamba daftari la Miwani limekosea.

Kumbe wapi! Kwenye kikao daktari mkuu akasema fundi ameokolewa na ile simu. Tungengoja kesho, tungekuwa tunaongea mengine. Akamwinua Miwani. Naye, mbele ya watu wote, akasema ile karatasi tuliiona pamoja na kaka. Wakanipigia makofi. Nikasimama, dada, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, nikayapokea yote.

Wiki nzima makofi yale yalinikaa kooni. Jana nikamwita Miwani pembeni, nikamweleza kila kitu. Hakulia, hakufoka. Alisema alijua tangu siku ile, karatasi haijichomeki yenyewe.

“Pale kikaoni sikukusaidia, kaka,” akasema. “Nilitaka uone aibu. Nilidhani utasema ukweli palepale.”

Nikatoka hapo moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, nikarudia maneno yaleyale. Nimesimamishwa kazi mpaka uamuzi utoke. Mama nimemwambia nipo likizo. Tafadhali uniachie nimweleze mwenyewe.

Na ukiniuliza kama wivu umekwisha, nikisema ndiyo nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Leo asubuhi nimejikuta nawaza ni nani amekalia kiti changu, nikaomba mashine imtoe jasho.

Msalimie sana shemeji, na wabusu watoto. Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni.