Mikate Iliyobaki Baada ya Mazishi

Bahati, Jumapili alasiri

Mama,

Hema limerudishwa, viti vya kanisa vimechukuliwa, na sufuria za watu nimezipeleka moja moja hadi miguu ikavimba. Nimeketi kwenye kiti chako cha jikoni kwa sababu ndicho kilicho karibu. Nimechoka, Mama. Sijui kama ni kilio au ni vyombo.

Tumebaki na mikate. Unajua watu wa hapa, hakuna anayekuja matangani mikono mitupu. Kila jioni ya maombi mtu aliingia na mkate na pakiti ya sukari. Tulipomaliza kukuzika, mikate ilikuwa juu ya kabati, chini ya meza, hata kwenye kitanda cha wageni. Jirani yako Mama Brayo alichungulia mlangoni akasema, "Wambui, wewe fungua duka tu." Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka. Nikampa mingine aende nayo.

Baba hakuigusa. Tangu mazishi alikuwa anakunywa chai tupu na kulala akiangalia ukuta. Nilipomwekea mkate alisukuma sahani polepole, bila hasira. "Mami," akaniambia, maana hajaacha kuniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "huo mkate umekuja kwa sababu mama yenu amekufa. Siwezi kuumeza." Nikapika ugali, nikaponda mukimo wa viazi na mahindi. Alionja, akaomba nimsamehe, akaacha. Na dawa zake za presha hazimezwi tumbo likiwa tupu. Alikuwa anazirudisha kwenye pakiti.

Kariuki alipiga simu kutoka Nairobi. Alisema kama Mzee hali chakula, Jumamosi anakuja kumchukua, nyumba ifungwe na ng'ombe auzwe. Sikubishana na kaka yangu. Cherehani yangu kule mtaani Free Area imefunikwa shuka tangu ulipolazwa, na wateja wa sare za shule wameanza kwenda kwa wengine. Kuna wakati nilitamani aje haraka. Nilitaka kulala tu.

Alhamisi asubuhi nikaona mkate mmoja umeota ukungu. Huo niliutupa. Mingine nilishindwa. Wewe ukiona mkate umeanza kukauka ulisema tu, "Leteni sukari," na sisi tukajua mikate ya kukunja inakuja. Basi nikaleta sukari. Nikakata kingo za kila kipande, nikakilaza mezani na kukisukuma kwa chupa ya soda hadi kikawa chembamba. Nikapaka siagi, nikanyunyiza sukari, mdalasini na iliki niliyoitwanga, nikakunja kimoja kimoja kama mkeka. Vya kwanza vilifunguka kwenye kikaango, sukari ikamwagika ikaungua, jikoni kukajaa moshi. Ndipo nikakusikia: "Anza na upande wa mshono, Wambui, ujifunge." Uliniambia hivyo nikiwa darasa la nne, nimesimama juu ya debe ili nifikie jiko. Nikaweka mshono chini. Vikashika.

Zile kingo nilikuwa nimezitia kwenye beseni, niwapelekee kuku. Sikuwa nafikiri chochote. Nilikuwa nageuza vilivyo motoni niliposikia beseni likiburutwa. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na sweta yake ya kulalia.

"Mami, hizi usiwape kuku."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango, beseni mapajani, akaanza kutafuna. Mama, nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote uliyokunja, kingo zilikuwa zake. Ulimpelekea kwenye kisahani akiwa nje, na sisi watoto tulidhani ni kwa sababu hapendi vitu vitamu. Sikumwambia kwamba ni mkate ule ule. Nadhani alijua. Karatasi za mikate zilikuwa zimejaa mezani.

Nikammiminia chai. Baada ya muda akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa kimoja cha moto. Alikula nusu, akasema mdalasini umezidi, Mama Kariuki hakuwa anaweka mwingi hivyo. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, sukari bado iko kwenye ndevu zake, na tangu ulipotuacha sikuwa nimemwona akilia. Nilizima gesi nikaketi kando yake. Chai ilipoa. Baadaye akaitisha dawa.

Jana Kariuki alikuja na gari, tayari kumbeba. Alimkuta Baba zizini akikamua, akimtukana ng'ombe kwa maneno ambayo usingependa niyaandike. Walizungumza hapo hapo, wamesimama. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilisikia Baba akisema, "Nairobi nitakuja kukutembelea. Lakini kulala, nalala hapa na mama yako." Kariuki akatazama ng'ambo ya ua, pale udongo wa kaburi lako bado ni mbichi. Jioni alirudi Nairobi peke yake.

Sisemi kwamba mambo yako sawa. Baba anakula kidogo kidogo kama kuku mgonjwa, na usiku namsikia akiongea nawe. Kesho narudi kufungua cherehani. Mama Brayo ameahidi kumpitia kila asubuhi na kumwona kwa macho yake akimeza dawa, na kwa mdomo alio nao hatamwacha apumzike.

Kule hospitalini uliniuliza ni nani atamwangalia, nesi akaingia kabla sijajibu. Ni mimi, Mama. Kila Ijumaa jioni nitakuwa hapa, hata nikiwa nimechoka kama leo.

Pumzika sasa, umefanya kazi ya kutosha. Na huko uliko, ukiwataja watu wako, na mimi unikumbuke.

Mtoto wako,
Wambui