Kulikagua Gari la Runji

Meru mjini,
Jumapili

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za watoto. Sisi huku tu wazima wa mwili. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba mvua niliyoisikia huko Ishiara imezifikia ndengu zenu kabla hazijakauka. Nimeambiwa Mama ameanza tena kwenda kwenye maombi ya akina mama. Hilo limenifurahisha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani huwekwa spika, na kila aliye jikoni husikia. Maneno haya nataka uyasome kwanza, ukiwa peke yako. Ndugu yangu Njeru anayekuletea bahasha hajui kilichomo. Usimpe akusomee, hata kama miwani inakusumbua.

Nianze na safari yangu ya Kianjai. Njeru alipokuonyesha kwenye simu picha za lile Probox linalouzwa, ulilitambua kwa bampa la nyuma, pale Runji alipolishona kwa waya baada ya kugonga nguzo ya lango letu. Ukaniagiza niende kama mtu anayemkagulia gari mnunuzi wa mbali, nisitaje jina la nyumbani, nijue Runji yuko wapi. Ulisema aliuza gari la familia akatoroka kama mwizi wa kuku, na ukimpata utamvua jina lako.

Nilikwenda na Thuranira, fundi wa hapa mjini ambaye watu walioko mbali humtuma akague magari kabla hawajalipa. Njiani nilimweleza kwamba gari ni la ndugu yangu, ambaye hatujamwona tangu alipoondoka nalo Embu akiwa na abiria. Akasema atalikagua kama lingine lolote, mimi nimshughulikie muuzaji.

Muuzaji anaitwa Kaberia. Ana uwanja wa kuuzia magari nyuma ya soko la Kianjai. Ni mcheshi, aliniletea kiti na chai kabla sijaketi vizuri. Nilipomwambia mnunuzi ni mtu wa Embu alicheka, akasema watu wa Embu wakinunua gari hulichunguza kuliko mchumba, na hata mchumba hafunuliwi meno. Thuranira alipoingia chini ya gari, Kaberia aliinama akamwita daktari, akamuuliza kama mgonjwa atapona.

Namba za usajili zilikuwa ngeni, lakini namba ya injini ilikuwa ileile iliyo kwenye nakala uliyonipa. Basi macho yako hayakukudanganya. Gari ni letu. Mpaka hapo niliamini pamoja nawe kwamba Runji yuko mahali anakula pesa, na nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia.

Kisha Thuranira akaomba kufunua kapeti. Hufanya hivyo kwa kila gari, kutafuta kutu na dalili za maji. Kapeti yenyewe ilikuwa imeoshwa, inanukia sabuni. Alipoifunua upande wa dereva, sponji iliyo chini yake ilikuwa nyeusi na ngumu, imegandamana na bati, toka kwenye pedali hadi nyuma ya kiti. Mkanda wa dereva ulikuwa mpya. Wa abiria ulikuwa wa zamani. Thuranira amewahi kuyavuta magari mengi yaliyoanguka barabarani, na damu iliyokauka anaijua. Alinitazama mara moja, akairudisha kapeti taratibu. Alipofuta mikono, alimwambia Kaberia kwa sauti ya kawaida kwamba springi za nyuma zimechoka, na kwamba angependa kulijaribu gari kwenye lami kabla hatujaelewana bei.

Kaberia alikubali. Alikaa mbele, mimi nyuma. Njia nzima alilisifu gari, akasema hata jirani yake asingempunguzia shilingi. Alikuwa bado anataja bei Thuranira alipokata kona kuingia lango la polisi.

Sidhani Kaberia alimgusa Runji. Alilia mbele ya maafisa, akawapa jina la aliyemuuzia, kijana anayeitwa Muthomi, na walimkamata siku iliyofuata. Muthomi ndiye aliyekodi gari Embu, yeye na mwenzake ambaye bado anatafutwa. Amekiri. Sitakuandikia alivyosema walifanya. Nimeyasikia kwa masikio yangu, na yatosha mmoja wetu kuyabeba. Runji alikataa kuwaachia funguo. Hilo nakuandikia kwa sababu ni lako.

Baba, Runji hakutoroka. Hakuuza kitu chochote. Alikufa siku ileile aliyoondoka, kabla hatujaanza kumtusi.

Muthomi aliwaonyesha maafisa vichaka karibu na Mto Thuci. Hawakukuta mtu, kwa kuwa mwili ulikwisha kuokotwa na wachunga mbuzi wiki ileile. Ulilazwa mochari muda mrefu ukiwa hauna jina, na hakuna aliyekwenda kuutafuta. Mwishowe ukazikwa pamoja na wengine wasio na wenyewe. Mama alipotaka twende polisi, ulisema mtoto wa Nthiga hatatangazwa kama ng'ombe aliyepotea. Mimi ambaye kazi yangu ni kutangaza habari za watu wengine redioni, nilikutii. Njeru pia. Hakuna kati yetu aliyepiga ripoti.

Sasa mahakama imeruhusu kaburi lifukuliwe. Kati ya waliolazwa humo, watamjua kwa kulinganisha vinasaba vyake na vya mate ya mzazi. Afisa alinishauri nimlete Mama kwa kuwa ni rahisi zaidi kumleta. Nilikataa. Nataka uje wewe. Nitakungoja Embu Jumanne asubuhi, mbele ya hospitali. Watakuuliza ulimwona lini mara ya mwisho na kwa nini hatukuripoti. Wajibu ukweli.

Kabla ya Jumanne, mwambie Mama. Usimtume mchungaji, wala usiningoje mimi. Wewe ndiwe uliyekataza jina lake lisitajwe mezani; anza kwa kulitaja.

Nisalimie Mama kwa namna utakayoiona inafaa baada ya kusema naye. Wasalimie majirani wote, na umwambie Njeru asiondoke hapo nyumbani wiki hii, mtamhitaji. Mungu awatie nguvu.

Ni mimi binti yako,
Lorna